Rozalia wa Mulanda

Loice aliinyanyua sindano ya gramafoni katikati ya wimbo. Kibaraza kizima kikanyamaza. Hata cherehani ya Chrispinus ilisimama.

"Chagua," alisema. "Mimi au Rozalia."

Wateja waliokuwa wakingoja suruali zao waliangua kicheko. Chrispinus, fundi nguo wa pale Busia, alikuwa na santuri nyingi, lakini kila jioni alipiga hiyo hiyo moja: sauti nyembamba kama uzi, ikimlalamikia mvulana apitaye na baiskeli bila kupiga kengele. Mwaka wa sitini, vijana wote wa mpakani waliucheza wimbo ule kwa twisti, viatu mkononi. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na tisa, na waliobaki kuukumbuka wangetosha kwenye benchi moja.

Rozalia alitoa santuri hiyo tu, kisha kimya. Wengine walisema kaolewa. Wengine walisema kaingia utawa.

"Walimsahau mapema mno," Chrispinus alizoea kulalamika, kana kwamba waliomsahau ni majirani zake. "Msichana ana sauti ile, halafu hakuna hata picha yake!"

Loice aliuza samaki wakavu sokoni, na huu ulikuwa mwaka wa tatu wa uchumba wao. Kila siku ya harusi ilipokaribia, Chrispinus alipata kisingizio: mara mvua, mara mazishi, mara cherehani imekatika mkanda. Loice alijua sababu ya kweli ilikuwa ikizunguka kwenye gramafoni.

"Nitachaguaje mtu ambaye sijamwona?" Chrispinus alijitetea.

"Basi twende tukamwone. Akiwa mzuri kama sauti yake, nakuacha umwoe. Na harusi yenu nitaipikia mwenyewe."

Chrispinus alidhani ni mzaha. Jumamosi asubuhi Loice alimfikia mlangoni, amevaa gauni la kanisani.

Walivuka mpaka kuingia Uganda, wakapanda basi hadi Tororo, mji ulio karibu na kijiji cha Mulanda. Kwenye santuri palikuwa na maneno matatu tu, Rozalia wa Mulanda, kwa hiyo walianzia kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la gramafoni karibu na stesheni ya reli. Mzee akajikuna kidevu.

"Rozalia! Namkumbuka. Walimleta tena kurekodi, ikashindikana. Sauti ilikuwa imekwisha."

"Sauti kama ile haiishi," Chrispinus alimkatiza.

"Iliisha, bwana. Alikwenda nayo likizo, akarudi bila."

Chrispinus aligeukia ukuta, akajifanya anasoma kalenda. Loice, ambaye alikuja kucheka, akajikuta anashikwa na huruma.

"Pengine aliugua," alisema polepole. "Maskini."

Mzee alikohoa, akafuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Nendeni Mulanda, muulize nyumbani kwa Odoi. Hapo ndipo mtakapomkuta."

Nyumba ya Odoi ilikuwa ya mabati, nyuma ya kanisa. Waliyemkuta uani alikuwa pande la mtu, ndevu hadi kifuani, amebeba gunia la pamba begani kama mtu abebavyo mto wa kulalia.

"Karibuni! Mimi ndiye Odoi," alisema. Kuku walitawanyika.

Chrispinus alisogea nyuma ya Loice. "Mumewe huyo," alinong'ona. "Nimekwisha."

Kwa kuwa lazima mmoja wao aseme, Loice akasema. "Shikamoo, kaka. Tumemfuata Rozalia. Huyu bwana anaipenda santuri yake. Hakuja kwa ubaya."

Odoi alilitua gunia polepole. Jasho lilimtoka shingoni.

"Santuri ile?" alisema akitazama chini. "Kwani bado ipo?"

"Anaipiga kila siku," Loice akajibu. "Kila siku, kaka. Mimi nimechoka."

Odoi aliwavutia viti, naye akaketi kwenye gunia lake. Ndipo mwanamke akatoka ndani na sinia la chai. Alikuwa kijana, mrefu, shingo ndefu, mwenye mwanya, na alivyotembea ungesema anasikia muziki peke yake. Loice aliificha mikono yake chini ya gauni, mikono ambayo sabuni haikuwahi kuitoa harufu ya samaki.

Chrispinus alisimama. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na leso mpya, nyekundu, ambayo Loice hakuwahi kuiona. Yeye mwenyewe, miaka mitatu, hajawahi kuletewa hata kitambaa cha mkononi.

Chrispinus alimnyooshea yule mwanamke leso hiyo kwa mikono miwili.

"Dada Rozalia," alisema, na ilionekana wazi kwamba maneno hayo ameyafanyia mazoezi kwa miaka tisa, "dunia ilikusahau. Mimi sikukusahau. Nilikuwa kijana tu, sijui kupenda ni nini, mpaka nilipokusikia."

Loice alitazama chai yake.

Mwanamke aliitazama leso. Akamtazama Chrispinus. Kisha akamgeukia mumewe, na kicheko kikamtoka hadi vikombe vikagongana kwenye sinia. Ilimbidi aweke sinia chini na kukaa papo hapo mlangoni.

"Baba Athieno," alisema akijifuta machozi, "simama upokee leso yako."

Odoi alisimama. Alifuta viganja kwenye suruali, akaipokea kwa adabu, ameinama.

"Nilipourekodi wimbo ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema kwa sauti yake nzito kama ngoma. "Halafu ndevu zikaota."