Wakili Yuko Likizo

Mzee Garama alipopiga hodi, wakili Salimu alikuwa amejifungia chooni, kimya, akingoja mgeni achoke. Uhuru ulikuwa na miaka miwili, mawakili weusi walikuwa adimu kama wali wa daku, na kila mwenye ugomvi wa shamba alimtaka yeye.

Lakini hii ilikuwa likizo. Kabla hawajatoka Mombasa kuja Diani, mkewe Mwanapili alimwambia wazi: "Tangu unioe, hata kitandani waja na mafaili. Ukishika kazi ya mtu huko, mimi narudi kwetu Msambweni." Mwanapili hakuwa mtu wa mzaha, na Salimu alimpenda, kwa hiyo aliogopa kweli.

Hodi hazikukoma. Akatoka.

"Shikamoo, mzee. Kesi sichukui, niko likizo."

"Marahaba. Si kesi, mwanangu, ni nikahi. Mpwa wangu Sefu, dereva wa lori, mto umejaa kule Lunga Lunga, hapiti. Na wali ushapikwa. Ataka wakili wa kumkubalia mke. Tukasema, tutatwaaje wakili wa kubahatisha, na wewe wa kusomea upo?"

Salimu alicheka hadi machozi yakamtoka. Uwakili wa ndoa! Hata muuza muhogo huufanya. Hiyo si kazi, ni thawabu. Mwanapili alikuwa amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Salimu akanyakua kanzu, akanyata nje.

Msikitini Ukunda, sheikhe alianza kumfundisha taratibu: mwakilishi, mwakilishwa, kwa niaba, kwa idhini. Salimu akajiona yuko mahakamani. Mwanapili angeamka wakati wowote.

"Sheikhe, tufupishe. Maneno hayo nimeyaacha ofisini."

"Utakavyo, wakili. Wewe ndiye msomi." Sheikhe akamshika mkono. "Nimekuoza Mwanamisi binti Chome, kwa mahari yaliyopatanwa."

"Nimekubali."

Hata halua hakuingoja. Alirudi mbio, akajilaza kando ya mkewe aliyekuwa bado akikoroma, roho ikamtua.

Alasiri, vigelegele vilifika mlangoni. Mwanapili akafungua, akawakuta wanawake na godoro, masufuria na sanduku, na Mzee Garama mbele yao, kichwa chini.

"Kama mna kesi," alisema Mwanapili, "mume wangu yuko likizo."

"Si kesi, mwanangu. Tumemleta bi harusi. Sheikhe asema mumeo alikubali, ila hakusema kwa niaba ya nani."