Mkono wa Bibi Mwanaheri

Mganga alishanawa, akasubiri kushika mkono wa Bibi Mwanaheri. Akiushika tu, homa ingekwisha. Ndivyo alivyoponya mji mzima. Miaka kumi na miwili hapakuzikwa mtu.

"Bibi, toa mkono," mjukuu wake Mishi alisihi. "Pumzi inakuishia."

Bibi akaufutika ndani ya kanga. "Huyo binti mgongoni kwako anaitwa nani?"

Mishi akakaza mbeleko. Mtoto wa mji ule hupewa jina la marehemu wa ukoo, na marehemu wapya hawakuwapo. Wanawe wote wanne aliwaita Wewe.

"Mlete."

Mishi alifungua mbeleko.

"Mama, unachelewa," mganga alimwambia Bibi.

Bibi aliutoa mkono, akamvuta mtoto, akamnong'oneza sikioni, "Mwanaheri." Mtoto akageuka, kama aliyeitwa.