Makala ya Tandu wa Buluu

Tandu alikuwa mzima wa afya, anazunguka ndani ya chupa ya jamu. Aliyekuwa hoi ni mzee aliyeletwa naye, mkono umevimba, ulimi umejaa mdomoni, neno halitoki.

"Mtu anayetembea na tandu chupani, akili zinamtosha kweli?" muuguzi aliuliza.

Daktari hakucheka. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona tandu wa buluu, na kila sindano aliyojaribu iligonga mwamba. Akapekua simu. Alhamdulillahi! Makala ilikuwepo, moja tu duniani: "Sumu ya Tandu wa Buluu na Dawa Yake."

Akabonyeza. "Lipia ili usome." Akaweka kadi yake, ikakataa. Akaweka ya muuguzi, ikakataa nayo, tena ikamtakia siku njema.

"Siku njema mama yako!" daktari aliifokea simu.

Mzee akapapasa chini ya mto, akatoa simu yake, akaanza kuibonyeza kwa kidole kimoja. Muuguzi akataka kumzuia.

"Mwache," alisema daktari, na roho ikamuuma. "Anawaaga watoto wake."

Akampigia mkutubi wa chuo kikuu. "Nina mtu anakata roho hapa! Nifungulie hiyo makala!"

"Hata sisi wametufungia, dada yangu. Mwandikie mwandishi mwenyewe. Watu wale hawasomwi na mtu! Ukimwomba nakala atakutumia bure, na shukrani juu."

Anwani ya mwandishi ilikuwa pale pale chini ya kichwa cha makala. Daktari akaandika mbio mbio: "Profesa, nakuomba makala yako, nina mgonjwa mahututi aliyeumwa na tandu wa buluu." Akatuma, akabaki anatafuna kucha. Ee Mungu, awe macho tu huyo profesa.

Jibu likaingia hata kabla hajameza mate.

"Daktari, sijui nikushukuruje, wewe ni msomaji wangu wa kwanza. Ila nilipochapisha nilitia saini kwamba sitamtolea mtu hata neno moja la makala ile, na ahadi ni deni. Nimejaribu kukulipia mwenyewe, kadi yangu nayo imekataa. Tafuta kadi nyingine, mwanangu, na ufanye hima: miguu siihisi tena, na huyu muuguzi wako ananinyang'anya simu."