Vya Kwake Havinifikii

"Usinidanganye, Zamda," nilimwambia binti yangu. "Mtoto ana miezi mitatu na chumba chake sijakiona."

Alikuwa jikoni kwangu akijipakulia maharage. Nyumba za ukoo siku hizi zimeunganishwa: ukifungua chumba kwako, mlango wake hutokea kwa ndugu zako wote. Jiko langu liko Morogoro, na Zamda huliingia akiwa kwake Mwanza. Lakini alipoolewa aliiandikisha nyumba yake upande mmoja. Vyumba vya kwangu vinamfikia, vya kwake havinifikii.

"Mume wangu hapendi watu kuingiaingia, mama."

"Mimi ni watu?"

"Wewe unakosoa kila kitu. Ukimwona mtoto tu, utaanza na kofia yake."

"Unamvalisha kofia kwenye joto hili?"

"Unaona?"

Niliona. Niliona pia kwamba hajawahi kumbeba mtoto akavuka naye mlango huo, wakati sukari na mafuta yangu anavivusha kila siku.

"Mlete basi nimshike kidogo."

"Amelala."

"Jana pia alilala."

Alifunika bakuli lake, akapita mlangoni akarudi kwake.

Nikaenda kwenye swichi ya nyumba, ile inayofunga na kufungua vyumba. Nikalifunga jiko, likafungika kwangu na kwake. Nikaiweka nyumba katika hali ya faragha, kisha nikalifungua jiko upya, likafunguka kwangu tu. Palipokuwa na mlango wa Zamda pakawa ukuta mtupu. Nikasukuma kabati la vyombo likae hapo.