Kasi ya Kawaida

Orodha ya nyimbo ilikuwa na wimbo mmoja tu.

Fundi Mdundo aliikodolea macho ile kompyuta, kisha akamgeukia dada yake, aliyesimama mlangoni mwa chumba kidogo amekumbatia boksi la spika mpya.

"Dada, mumeo kaweka kompyuta nzima kwa wimbo mmoja? Mimi harusi moja tu nabeba nyimbo elfu."

"Fanya kazi yako. Atarudi sasa hivi."

Jina la Mdundo alilipata kwa kazi yake ya kufunga vyombo vya muziki kwenye sherehe, ingawa dada alishikilia kwamba alipewa kwa ajili ya mdomo wake usiozimika. Leo mdomo huo ulikuwa mzito. Alijua wimbo ule ni wa nani. Mpwa wake aliuimba akiwa na miaka saba, wimbo wa kujitungia mwenyewe kuhusu kiatu kilichopotea, baba yake kamshikia kinasa sauti. Haukupita muda, homa ikamchukua. Tangu hapo, mwaka wa saba sasa, shemeji akitoka kazini hupita mezani kama mpangaji, hujifungia chumbani humu na wimbo wake, na dada hula peke yake.

"Halafu mashine yenyewe mbovu," dada alisema. "Mimi huwa nasikia kupitia huu mlango. Mwanzoni ilikuwa sauti ya mwanangu kabisa. Sasa inavuta, inazidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka. Kila ukifika mwezi huu inaongeza. Nikamwambia tuite fundi, akanijia juu. Isiguswe!"

"Na sisi tunaigusa?"

"Tunaigusa. Nataka amsikie mtoto wake vizuri, labda moyo wake utatulia, aje mezani." Akaliweka boksi chini. "Nimechoka kula na kiti, mdogo wangu."

Kwa hilo Mdundo hakuwa na utani. Aliubonyeza wimbo kwanza, apime ugonjwa kabla ya dawa. Katika spika kuukuu zilizokuwa zikikwaruza ilitoka sauti ya msichana mkubwa, imetulia, haina haraka. Hakumtambua.

Akaanza kazi. Alichomoa spika za zamani, akafunga mpya, moja kulia moja kushoto, zote zikikitazama kiti. Akachomeka na kadi ya sauti aliyokuja nayo mfukoni. Akaingia kwenye mipangilio ya programu ya muziki, akaielekeza sauti itoke moja kwa moja kwenye kadi hiyo, programu iishike peke yake, ili kompyuta isitie mkono wake wala milio ya ujumbe isidandie katikati ya wimbo. Mwangwi wa bandia akauzima. Besi ya kuongezewa akaiondoa, na roho ikamuuma kidogo, maana besi ndiyo iliyomlea. Lakini sauti ni kama maji ya kunywa, ukiiona ina rangi ujue kuna mtu katia kidole.

Ndipo alipoliona tatizo. Mstari wa kasi ya kucheza ulikuwa umevutwa chini, mbali na alama yake. Wimbo ulikuwa unachezwa polepole, na sauti ikichezwa polepole lazima ishuke.

"Mashine haina ubovu wowote," alisema. "Ni mkono wa mtu. Mumeo kagusa asipopajua."

"Sasa je? Irudishe."

Akairudisha kwenye kasi ya kawaida, akabonyeza.

"Kiatu changu, kiatu changu, kimoja kimebaki, kimoja kimetoroka..."

Kilikuwa kisauti chembamba, cha mbio mbio, chenye mluzi pale pengo la meno ya mbele lilipopitisha hewa. Chumba kizima kilijaa yeye. Mwishoni akacheka, akauliza, "Baba, imeingia?"

Dada aliteremka ukutani mpaka sakafuni. Alilia kama siku ile ya msiba, bila kujificha, na Mdundo, mwanamume mzima mwenye kifua cha kubeba spika mbili kwa mpigo, akakaa chini kando yake wakalia wote.

"Ni yeye," dada alisema. "Wallahi ni yeye mwenyewe."

Walikuwa wameshanawa nyuso shemeji alipoingia. Dada alimshika mkono kabla hata hajaweka mkoba chini, akamketisha kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo Mdundo alikuwa amelisahau.

"Nimekuandalia zawadi," alisema. "Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Shemeji aliziangalia zile spika, akamwangalia Mdundo. Mdundo akabonyeza.

Kiatu kikapotea tena, mluzi ukapita, mtoto akacheka. "Baba, imeingia?" Shemeji hakujitikisa. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania magoti. Wimbo ulipokwisha dada aliinama kumtazama usoni, akingoja.

Shemeji alinyoosha kidole kwenye ule mstari wa kasi. Kisha akakirudisha bila kuugusa.

"Kila siku yake ya kuzaliwa nilikuwa naishusha kidogo, kadiri anavyokua," alisema. "Mwaka huu alikuwa ameshafika sekondari. Mbona mmeniletea tena yule tuliyemzika?"