Sufuria Kitandani

Sufuria ilikuwa imelazwa kitandani, imefunikwa shuka mpaka shingoni, na uji ulioungua bado umeganda ndani yake.

Malkia alisimama mlangoni, ndoo mkononi. Asubuhi ile ile alikuwa ameificha chini ya kitanda, nyuma ya sanduku lake, na hakuna aliyemwona. Sasa mwenye nyumba ya wageni kajuaje pa kuitafuta?

"Mwanangu," sauti ya mwenye nyumba ilisema nyuma yake, taratibu kabisa, "sufuria haiponi kwa kulala. Waya wa kusugulia uko chini ya sinki."

Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu pale. Malkia alisugua mpaka kucha zake za bandia zikamtoka moja moja.

Jina la Malkia alilipata kwao, na si kwa urembo. Akishakula, sahani ilibaki pale pale ikimngoja mwenye huruma. Akiunguza sufuria, ilitoweka nyumbani kama mtu aliyekimbia mji. Mama yake alisema mpaka akachoka: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

"Basi niache niuone huo ulimwengu," Malkia alijibu, akageukia ukuta.

Ulimwengu wenyewe, kumbe, ulikuwa ghali. Chuo cha hoteli alichokitamani tangu utotoni kilidai barua ya kuthibitisha kuwa mwombaji amejitolea kwa miezi miwili. Kujitolea mtaani kwao aliona haya, maana wangemwona. Alitaka nje ya nchi. Lakini mashirika ya kupeleka watu nje yalitaka alipe, tena pesa ndefu, ili aruhusiwe kufagia. Alikuwa karibu kukata tamaa alipokuta tangazo mezani kwao, limeegemezwa kwenye kopo la sukari: nyumba ya wageni katika nchi jirani, kazi za mikono wakati wa likizo, kitanda na chakula bure. Aliwatumia marafiki picha ya tangazo hilo na kujisifu kwamba alilitafuta kwa udi na uvumba.

Alitarajia mama yake atalia. Mama alishusha sanduku kutoka juu ya kabati kabla binti hajamaliza kueleza.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vinane, na cha tisa, kilicho nyuma ya jiko, ndicho alichopewa. Kabatini mlikuwa na magauni ya msichana.

"Ya binti yangu," mwenye nyumba alimwambia. "Naye kaenda kujitolea kwa watu. Nyumbani hata kikombe hasuuzi, lakini huko ataokoa dunia."

Malkia alicheka sana. Watu wengine bwana, alijisemea.

Kazi ilianza kabla hakujakucha vizuri. Kutandika, kudeki, kuanika mashuka, kuosha vyombo, kisha kuanza upya. Siku ya kumi alijipiga picha na fagio, akaandika chini yake: "Nautumikia ubinadamu." Ubinadamu wakati huo alikuwa muuza matairi wa chumba namba tano, aliyekuwa akipangusa viatu kwa taulo nyeupe.

Mwenye nyumba hakugomba wala hakununa. Alikuwa na maneno mawili tu: "Mwenyekiti atauliza." Mwenyekiti wa mpango huo wa kujitolea ndiye aliyeamua nani atapewa barua na nani ataongezewa muda, na kila Ijumaa alipelekewa taarifa. Malkia hakuwahi kumwona, lakini alimwogopa kuliko mtihani. Alimwazia ni mama wa miwani, yuko nyuma ya meza pana, hacheki. Kwa hofu yake alianza kukunja pembe za mashuka na kuosha vikombe kabla ya kuambiwa.

Jumapili alimpigia mama yake. Siku moja, katikati ya maongezi, vyombo vilianguka huko nyumbani kwa kishindo.

"Nini hicho, mama?"

"Paka."

"Tangu lini tuna paka?"

"Tangu ulipoondoka. Kitanda chako si kilikuwa wazi?"

Malkia alikata simu. Alimwonea paka wivu, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Wiki ya nane aliunguza wali. Mwenye nyumba alikuwa sokoni, jikoni hamna mtu, na chumba cha Malkia kilikuwa hatua sita tu kutoka jikoni. Malkia aliitazama sufuria kwa muda mrefu. Kisha akainama chini ya sinki, akachukua waya. Alisugua mpaka akajiona ndani yake, akaining'iniza ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani akajivunia kitu ambacho hakukipiga picha.

Siku ya mwisho barua ilikuwa mezani, imechapwa vizuri, pa kuweka sahihi pakiwa bado patupu. Mwenye nyumba alikuwa anakanda unga, umempanda mpaka viwikoni.

"Mikono yangu ndiyo hii," alisema. "Chukua simu yangu, mpigie Mwenyekiti, uweke sauti kubwa. Akikubali, nasaini. Akikataa, unarudia miezi yote miwili."

Malkia alifuta mikono kwenye aproni, akasimama wima. Alitafuta palipoandikwa Mwenyekiti, akabonyeza. Simu ikaita mara mbili.

"Niambie, mwenzangu," Mwenyekiti alipokea, na nyuma yake vyombo vikaporomoka. "Huyu wako kanivunjia sahani ya nne leo, simrudishi hata kwa dawa. Na Malkia wangu je, sufuria anasugua, au bado anazilaza chini ya kitanda?"