Mikono ya Shumba

"Hino itoe," alisema Bi Nihal, akagota kioo cha kompyuta kwa kidole.

Arwa hakuitoa. Alijifanya anarekebisha pambizo, akaisogeza picha upande, kisha akairudisha palepale. Ilikuwa mikono miwili ya mwanamke akichambua karafuu juu ya jamvi, imepigwa kwa karibu, uso hauonekani. Katika kitabu kizima hapakuwa na picha iliyomkaa moyoni kama hiyo. Tangu mwanzo aliiweka katikati, kwenye kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja mikono, upande wa pili weupe mtupu.

Kitabu kilikuwa cha marehemu Hamad, mume wa Bi Nihal. Kwa riziki alipiga picha za harusi na za vitambulisho mjini Wete. Hizi nyengine, kuanzia Msuka hadi Wambaa, alizipiga kwa mapenzi yake, akisema ipo siku atazichapisha mwenyewe bila kumpigia mtu magoti. Pikipiki ikamuua kabla ya siku hiyo. Mjane wake akaapa kwamba kitabu kitatoka. Kwa kuwa yumo edani, na mafundi wa kupanga kurasa pale mjini ni wanaume watupu, akaitwa Arwa wa kijiji cha Shumba, aliyekuwa akimsaidia marehemu kazi hiyo alipokuwa hai.

Arwa akaja, na akawa anakuja kila asubuhi. Bi Nihal aliegemea mto wake, Arwa akakaa mkekani na kompyuta mapajani, wakapunguza picha. Bi Nihal alikata bila huruma. Mashua na machweo aliyafuta yote, akasema wageni wanayo yao ya kutosha. Alitaka watu walio kazini, na jasho lao.

Siku ya kwanza, Arwa alipoaga, Laila, binti wa nyumba, alileta mrashi amnyunyizie mgeni kama ilivyo ada. Arwa akarudisha mikono nyuma, akasema harufu humpandisha kichwa. Laila akacheka, mgeni gani huyu, hata wanja hapaki. Kulala nako hakutaka. Mvua ya masika ipige itakavyo, alasiri ikipita tu alifunga kompyuta na kukimbilia gari ya Shumba. Laila alimtania kuwa anaogopa popobawa, lile jini la usiku.

Sharti la Bi Nihal lilikuwa moja. Hakuna mwanamke atakayeingia kitabuni bila kuulizwa na kuridhia. Hawakuzaliwa ili wapambe meza za watu wasiowajua. Laila akapiga simu kijiji kwa kijiji. Waliokubali wakabaki. Waliokataa wakatolewa, na humo zilikwenda picha nzuri mpaka Arwa akauma midomo. Ikasalia ya mikono.

"Si uso, Bi Nihal," alisema Arwa. "Nani atamjua?"

"Atajijua mwenyewe."

"Ni mtu wa kwetu Shumba. Kaulizwa, na karidhia."

"Basi mlete, mwanangu. Nikimsikia kwa mdomo wake, ntaiwacha."

Arwa akasema atamleta. Kesho yake mwanamke huyo akawa anaumwa. Baadaye akawa kasafiri kwenda Unguja, kisha akawa na haya. Kila udhuru Bi Nihal aliupokea kwa kuitikia kwa kichwa, wala hakuhoji. Kila asubuhi Arwa alishuka garini na maneno yake tayari, na kila jioni akarudi nayo. Alijichukia kwa hilo. Lakini kulikuwa na Laila, anayeingia na kutoka na birika la chai, anayemzungumza baba yake kama malaika, na mbele ya Laila ulimi wa Arwa ulikuwa mzito.

Ikafika siku ambayo mpiga chapa wa Dar hakutaka kungoja tena. Faili liende alasiri hiyo, ama mashine ishike kalenda za watu wengine na kitabu kikae mpaka mwakani. Kurasa zote zilikuwa safi. Jina la Hamad lilikaa vizuri kwenye jalada.

"Kaja?" aliuliza Bi Nihal.

"Hakuja."

"Basi itoe."

Arwa akafungua mdomo. Laila alikuwa mlangoni, kaegemea kizingiti, anatazama. Mdomo ukajifumba, kidole kikabonyeza. Mikono ikatoka, na kurasa za nyuma zikasogea mbele zenyewe kuziba pengo, kama safu ya msikitini mtu mmoja anapoondoka. Picha bado alikuwa nayo, ndiyo, lakini Hamad alizoea kusema picha isiyochapishwa ni sawa na isiyopigwa. Sasa kitabu chake kingekwenda duniani bila mikono ile, na hapakuwa na kitabu cha pili. Arwa akalia. Akasema ni macho tu, yamechoka na kioo.

Faili likaenda. Bi Nihal akamtuma Laila akafungie kuku, akasikiliza mpaka ndara zake zikanyamaza uani.

"Kutwa kucha nnamngoja mwenye mikono aseme," alisema, sauti haikupanda wala haikushuka. "Kanyamaza."

Arwa hakuinua uso. Bi Nihal alichukua buibui lililokuwa msumarini, akamtupia mapajani.

"Haya inuka, mke mwenzangu, magharibi isikukute njiani. Eda yetu haijesha."